Kurusha tiara na mtoto mdogo Mombasa: uzi ashike yeye

Jambo linaloharibu siku ya tiara mara nyingi ni mtu mzima. Hununua tiara, hufika ufuoni Jumapili mchana, hukimbia nayo mchangani mpaka pumzi zimwishie, na mwenye tiara, mtoto, yuko kando anatazama. Ikipaa, baba au mjomba hunogewa akasahau kumpa. Isipopaa, mtoto huambiwa hakuna upepo.

Nimeuandika mwongozo huu nikiwa na shabaha moja: mtoto wa miaka 3 hadi 7 ashike uzi kwa mkono wake mwenyewe na auhisi upepo ukivuta upande wa pili. Mengine yote, kuanzia kuchagua siku hadi kukata gazeti, yapo ili kumfikisha hapo kabla hajachoka. Mtoto wa miaka minne ana subira ya nusu saa, pengine chini ya hapo. Usiitumie kufungua mafundo.

Anza na upepo

Sisi wa Mombasa tumejaliwa pepo mbili zinazojulikana tangu enzi za majahazi. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba na kuingia Oktoba, ukitoka kusini na kusini mashariki. Kaskazi hushika zamu kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Baina yao kuna tangambili, majuma ambayo upepo hauna msimamo: leo unatoka huku, kesho umelala kabisa. Tangambili si wakati wa kumpa mtoto tiara yake ya kwanza.

Kwa mtoto mdogo napendelea kaskazi, hasa Januari na Februari. Ni upepo mkavu, huvuma kwa utaratibu, na mvua hazikukatizi. Kusi ina nguvu zaidi. Mwezi wa saba na wa nane alasiri inaweza kuichana tiara ya gazeti na kumponyoka mtoto uzi mkononi. Ukitaka kurusha wakati huo, chagua siku tulivu au tumia tiara ya kitambaa. Aprili na Mei ni masika. Wingu jeusi likianza kunguruma, shusheni tiara mwende nyumbani hata kama mvua haijafika, kwa sababu uzi ulioloa angani ni njia ya radi.

Kupima upepo hakuhitaji chombo. Upepo unaofaa kwa mtoto ni wa kilomita 10 hadi 20 kwa saa. Utauona kwenye miti: majani ya mwarobaini yanacheza bila kutulia, bendera ndogo imenyooka, lakini vumbi na karatasi za barabarani hazijaanza kuruka. Ukiona minazi imelalia upande mmoja na mchanga unakuchoma miguu, hiyo si siku ya mtoto.

Angalia pia upepo unatoka wapi. Asubuhi mapema mara nyingi huvuma upepo wa bara, unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Ukirusha tiara ufuoni wakati huo, itapaa juu ya maji, ikianguka itaangukia majini, na mtoto ataifuata. Ufuoni ngojea upepo unaotoka baharini. Huo unaipeleka tiara upande wa nchi kavu.

Saa, jua na maji

Alasiri ndiyo saa ya upepo mzuri, lakini jua la Mombasa lina lake. Ukisimama ufuoni na upepo mgongoni, uso wako umeelekea bara, na jua la alasiri liko huko huko. Ukianza saa tisa, mtoto atalazimika kulitazama jua ili aione tiara yake, na baada ya dakika tano atafumba macho akatae. Anza saa kumi na nusu au saa kumi na moja kasoro. Wakati huo jua limeshateremka, na tiara huwa juu yake. Kofia yenye ukingo bado inahitajika. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kutegemea mwezi, kwa hiyo mna saa moja na nusu kabla ya magharibi. Inatosha kabisa.

Sasa maji. Hili wageni huwa hawalijui, na hata sisi wenyeji tusio wavuvi hulisahau. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba Jumamosi ya bamvua ukifika Nyali au Bamburi saa kumi alasiri utaukuta mchanga umemezwa, maji yako kwenye kuta za hoteli, na huna pa kusimama. Siku za maji mafu, zile za kati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka: alasiri maji huwa yamepwa kiasi na ufuo uko wazi. Kama kuna kalenda ya Kiislamu ukutani, tazama kuanzia tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Hizo ndizo alasiri za tiara ufuoni.

Bamvua nayo ina fadhila yake. Saa nne asubuhi maji yamekwenda mbali na mchanga mgumu, tambarare, umetanda mpaka karibu na mwamba. Ikiwa upepo wa bahari umeshaanza, hakuna uwanja bora mjini. Shika saa tu, kwani maji yakianza kujaa hurudi kwa haraka, na nyinyi mtakuwa mmeyapa mgongo.

Mahali

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule unaoitwa Pirates, una upepo safi, lakini Jumapili na sikukuu umejaa watu, ngamia na mipira. Uzi uliotandazwa kati ya watu ni hatari. Tembeeni kuelekea Bamburi mpaka mpate nafasi, au mwende siku ya kazi baada ya shule. Wa Likoni wana ufuo wa Shelly.

Bustani ya Mama Ngina, tangu ukarabati wa 2019, ina nafasi nzuri za kusimama, na kusi huingia moja kwa moja kutoka mlango wa Kilindini. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza ni ukingo: chini ya ukuta kuna majabali na maji ya kina wanapopita meli, kwa hiyo mtoto asimame mbali na ukuta, nawe uwe kati yake na ukuta. Pili ni mibuyu. Mbuyu ukikamata tiara hairudi, na usimruhusu mtu yeyote aupande.

Viwanja vya katikati ya mji kama Makadara na Tononoka vinatumika, ila vimezungukwa na majumba, na upepo uliopita juu ya jumba huja umevurugika. Kadiria mara saba ya kimo cha jumba. Ghorofa ya mita 10 inauharibu upepo karibu mita 70 nyuma yake. Ndiyo maana tiara hupaa kidogo uwanjani kisha ikazunguka na kujibwaga. Simama upande ambao upepo umeshapata nafasi ya kutulia.

Yako mahali ambapo hapana mjadala. Usirushe karibu na nyaya za stima. Uzi ukinasa kwenye waya, uachie papo hapo, mwondoe mtoto, na usiuguse tena hata kama tiara ni mpya. Usirushe Changamwe, Magongo wala Port Reitz, ndege zinaposhuka na kupaa. Usirushe juu ya paa la nyumba: mtu anayeirusha hutazama juu na kurudi nyuma, na paa lina mwisho. Wala usirushe kando ya barabara, kwani uzi ukishuka kimo cha shingo mwendesha boda boda hauoni.

Kuitengeneza

Tiara za dukani si mbaya, na ya kitambaa inafaa kwa kusi. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtengenezee ya gazeti, akiwa amekaa karibu nawe. Mtoto aliyeona vijiti vikifungwa huelewa kwa nini tiara inapinda. Tena ya gazeti ni nyepesi, hupaa kwa upepo mdogo, na ikimgonga mtu haimuumizi. Mifuko ya plastiki waliyotumia watoto wa zamani isahau: imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na gazeti hubaki limekaza vizuri kuliko mfuko.

Utahitaji chelewa nne kutoka kwenye fagio, gazeti, uzi wa fundi cherehani, leso kuukuu, na gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito.

Chagua chelewa zilizonyooka. Kila chelewa ni nene upande wa shina na nyembamba nchani, na hapa ndipo tiara nyingi za nyumbani hupata ulemavu wa kulala upande mmoja. Zifunge mbili mbili, shina la moja kwenye ncha ya nyingine, uzito uwe sawa kotekote. Fungia uzi mahali patatu au panne. Jozi ya kwanza ikate sentimita 60. Hiki ni kijiti cha kati, cha kusimama. Jozi ya pili ikate sentimita 50. Hiki ni cha kulala.

Pima sentimita 15 kutoka juu ya kijiti cha kusimama. Hapo ndipo cha kulala kipite, nusu kwa nusu, sentimita 25 kila upande. Funga makutano kwa uzi unaopishana, kaza, tia gundi kidogo. Halafu zungusha uzi mmoja kwenye ncha zote nne ili upate umbo kamili la tiara. Uzi huu uwe umekaza bila kukunja vijiti.

Laza umbo juu ya gazeti. Kama halienei, gundisha shiti mbili upande kwa upande kwanza. Kata ukiacha sentimita 2 nje ya uzi, pinda ukingo juu ya uzi, gundisha. Kazi hii ya kupaka gundi mpe mtoto. Atapaka nyingi kupita kiasi. Pangusa ziada kwa kitambaa, kwa sababu gundi nyingi ni uzito. Acha ikauke usiku kucha juu ya kabati, maana gundi ya unga huwaita mende.

Ikikauka, funga uzi kutoka ncha moja ya kijiti cha kulala hadi nyingine, upande wa vijiti, uvute mpaka kijiti kipinde kidogo. Kati ya uzi huo na makutano pawe na sentimita 4 hadi 5. Kifua kilichotuna hivyo huipa tiara utulivu.

Uzi wa kifuani

Hapa tuliza akili, kwa kuwa tiara nyingi zinazogoma zina kasoro hapa tu. Geuza upande wa gazeti usio na vijiti, ndio unaotazama upepo. Toboa tundu dogo kwenye makutano na jingine sentimita 12 kutoka chini, yote mawili kwenye kijiti cha kusimama, na uyazibe pembeni kwa kipande cha selotepu yasichanike. Chukua uzi wa sentimita 70, funga upande mmoja kwenye makutano na mwingine chini. Sasa una uzi uliolegea kifuani.

Ushike uzi huo ukiuvuta mbele ya makutano mpaka pembe ya juu na ya chini zikaze zote mbili. Funga kitanzi hapo. Inua tiara kwa kitanzi hicho: kichwa kinapaswa kuwa juu kidogo kuliko mkia, na mabawa yasawazike. Ikilalia kushoto, gundisha kipande kidogo cha gazeti kwenye ncha ya kulia mpaka ilingane.

Mkia ni kipande cha leso chenye upana wa sentimita 3 na urefu wa mita 3, umefungwa chini. Leso ya nyanya yake ikipatikana, mtoto ataitambua tiara yake kutoka mbali.

Uzi wa kurushia uwe mita 30 tu kwa mtoto wa umri huu. Usitumie mshipi wa kuvulia samaki. Ni mwembamba na mgumu, na ukivutwa kwa kasi hukata vidole. Nyuzi zenye unga wa chupa zinazotumiwa kushindana kukata tiara za wenzio usizilete kabisa mahali penye mtoto. Zungushia uzi wako kwenye chupa tupu ya nusu lita. Mtoto mdogo huishika vizuri kwa mikono miwili. Tia fundo kwenye mita 10 na mita 20, ili ujue mlipofika. Uzi usifungwe kamwe kwenye kifundo cha mkono wa mtoto.

Kuipaisha

Mkifika, nunua mhogo na mabuyu baadaye. Mafuta na sukari ya mabuyu kwenye karatasi vinaiharibu tiara kabla haijapaa.

Upepo uwe mgongoni mwako. Kama mko watatu, mmoja aibebe tiara hatua kumi na tano mbele yenu, ainyanyue kichwa kikiwa juu, mkia umelala chini umenyooka kuelekea unakokwenda upepo. Uzi uwe umekaza. Mngojee pumzi ya upepo. Ikija, mwenye tiara aiachie tu, asiirushe. Mwenye uzi arudi nyuma hatua mbili tatu. Basi. Hakuna kukimbia. Tiara inayohitaji kukimbiliwa ina kasoro au haina upepo, na mtu anayekimbia ufuoni hageuki kuangalia anakanyaga nani.

Kama mko wawili tu, wewe na mtoto, ishike tiara kwa mkono mmoja kimo cha kichwa na uzi kwa mwingine. Upepo ukiichukua, legeza uzi kidogo kidogo, kisha zuia, ilegeze tena, izuie. Kila unapozuia hupanda. Ifikishe kwenye fundo la mita 10.

Ukifika hapo, simama. Usiende mita 20 kwanza, usijaribu kuona inafika wapi. Piga goti nyuma ya mtoto, mpe chupa, na mkono wako ubaki umeugusa uzi mbele yake kwa vidole viwili. "Umeshika, babangu? Haya, hisi inavyovuta." Nyamaza kidogo. Wengi hucheka wakati huo. Wengine huogopa na kutaka kuachia. Anayeogopa usimlazimishe. Ushike uzi wewe, naye akushike mkono, kisha baada ya dakika chache mwulize tena. Akishazoea, toa vidole vyako kwenye uzi, lakini ukae mahali unapoweza kuudaka.

Mtoto wa miaka mitatu minne ataridhika kushika tu. Wa miaka mitano sita anaweza kufundishwa maneno mawili, vuta na legeza, na unaweza kuyataja wewe huku yeye akitenda. Wa miaka saba anaweza kuwa ndiye anayeiachia tiara mbele na pia kufungua uzi hadi mita 20. Mwache akosee: tiara ya gazeti ikianguka mchangani hakuna aliyepata hasara.

Ikigoma

Ikizunguka zunguka na kupiga mbizi, ongeza mkia nusu mita. Ikilalia upande uleule kila mara, rudi kwenye uzito wa mabawa. Ikivuta sana lakini haipandi, imebaki nyuma chini, sogeza kitanzi cha uzi wa kifuani sentimita moja kuelekea kichwani. Ikipanda, kisha ikapepea bila kuvuta na kudondoka, kisogeze sentimita moja kuelekea mkiani. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kipi kilichosaidia.

Ikianza kuja chini kwa kasi huku uzi umekaza, watu wote huvuta. Wewe legeza. Kuvuta huizidishia kasi, na kulegeza huipa nafasi ya kujigeuza kichwa juu. Mfundishe mtoto hili mapema, mwambie "legeza, legeza," maana mkono wake kwa hofu utataka kukaza.

Kuishusha

Ishushe tiara mtoto angali anataka zaidi, na kabla giza halijaingia. Usizungushe uzi kwenye chupa huku tiara inavuta. Utachoka na uzi utaingia ndani ya mizunguko. Mtoto abaki ameshika chupa, nawe tembea kuelekea kwenye tiara ukiupitisha uzi chini ya kwapa au mkononi ukiuvuta chini, mpaka uifikie. Halafu yeye azungushe uzi kuja kwako, akitembea taratibu. Kazi hii huipenda sana.

Okoteni kila kipande cha uzi kilichokatika, hata kifupi. Kwenye fuo za Nyali na Bamburi hutaga kasa, na uzi ulioachwa mchangani hufunga miguu ya ndege. Tiara ikichanika, toa mkia na uzi, chukua vijiti nyumbani. Chelewa zikiwa hazijavunjika, gazeti jipya na gundi ya jioni moja vinatosha, na kufikia Jumamosi itakuwa imekauka.